Sanduku Moja au Mawili: Historia ya Amplifaya za Valvu

Anayetaka kununua amplifaya ya valvu leo, awe Nairobi, London au Tokyo, huulizwa swali moja kabla ya mengine yote: anataka ile ya pamoja, yenye kila kitu ndani ya sanduku moja, au masanduku mawili, priamplifaya kando na amplifaya ya nguvu kando? Wauzaji wengi wana jibu tayari, kwamba mawili ndiyo bora, na hulitoa kana kwamba ni kanuni ya fizikia. Ukifuatilia ilikotoka kanuni hiyo, unakuta sababu za nyakati mbalimbali: sinema, santuri, uzito wa chuma, ukubwa wa spika. Nyingine kati ya sababu hizo zimekwisha zamani, nyingine zingali na nguvu. Asiyezijua anaweza kulipia masanduku mawili kwa kazi ambayo moja lingeitosha.

Kazi yenyewe ni hii. Sindano ya sumaku inayosoma santuri hutoa umeme wa milivolti tano hivi. Spika ya sebuleni inahitaji volti kumi, ishirini au zaidi. Priamplifaya hushika mwanzo wa safari hiyo: huchagua chanzo cha sauti, hukuza kilicho hafifu, hurekebisha besi na sauti nyembamba, na ndiyo yenye kitufe cha kuongeza na kupunguza. Amplifaya ya nguvu haina uchaguzi wowote, kazi yake ni kuisukuma spika. Tangu mwanzo, hizi ni kazi mbili zisizopatana. Ya kwanza hutaka utulivu, maana inashughulika na kitu kinachonong'ona. Ya pili ina transfoma nzito, joto kali na umeme wa volti mia tatu au mia nne. Historia yote inayofuata ni ya watu waliojaribu kuziweka pamoja au kuzitenga.

1904–1925: Chupa inayokuza sauti

Mwaka 1904, John Ambrose Fleming, profesa wa uhandisi wa umeme London na mshauri wa kampuni ya Marconi, aliweka ndani ya chupa ya kioo iliyoondolewa hewa uzi unaowashwa kwa umeme na bamba la chuma. Umeme ulipita upande mmoja tu. Ndiyo valvu ya kwanza, nayo ilitumika kunasa mawimbi ya redio. Haikukuza kitu.

Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest aliongeza kati ya uzi na bamba kichujio cha waya mwembamba. Badiliko dogo la umeme kwenye kichujio likawa linaongoza mkondo mkubwa unaopita, kama mkono unaozungusha koki na kuachia maji ya bomba zima. De Forest mwenyewe hakuelewa vizuri kwa nini kifaa chake kilifanya kazi. Aliamini kwamba gesi kidogo iliyobaki ndani ya chupa ilikuwa ya lazima. Walioelewa ni wahandisi wa kampuni ya simu ya AT&T, Harold Arnold akiwa mbele yao. Waliondoa hewa yote waliyoweza, wakapata valvu ya kutegemewa, na Januari 1915 sauti ya mtu ikasafiri kwa waya kutoka New York hadi San Francisco, ikikuzwa tena na tena njiani. Amplifaya ya valvu, basi, ilianza kama kifaa cha simu.

Muziki ulifuata mwaka 1925, pale santuri zilipoanza kurekodiwa kwa maikrofoni na umeme badala ya kuimbia ndani ya pembe, na pale Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric walipoeleza spika yenye koili inayosogea, ambayo kimsingi ndiyo tunayoitumia hadi leo. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya HMV, kampuni hiyo ilikuwa tayari imeingia katika zama za kurekodi kwa umeme. Wasikilizaji wake wengi pwani, hata hivyo, walizipiga santuri hizo kwa gramafoni ya kutia ufunguo, isiyo na valvu hata moja. Zama za valvu zilifika studio mapema kuliko sebuleni.

1926–1939: Sinema yatenga kazi

Agosti 1926 kampuni ya Warner Bros. ilionyesha New York filamu ya Don Juan, ikiwa na muziki uliorekodiwa kwenye santuri kubwa za mfumo wa Vitaphone. Oktoba 1927 ikafuata The Jazz Singer, na baada ya hapo hakuna mwenye jumba la sinema aliyeweza kubaki na filamu bubu. Vifaa vya Vitaphone vilitoka Western Electric, kampuni iliyokuwa ikiitengenezea AT&T mitambo yake, na wahandisi wake waliiletea sinema desturi za vituo vya simu.

Katika chumba cha mitambo palisimama fremu ndefu ya chuma, na juu yake amplifaya zilizojulikana kwa namba. Ya 41 ilipokea sauti hafifu na kuikuza. Ya 42 iliipa nguvu. Ukumbi ukiwa mkubwa, 43 iliongezwa baada yake, ikiwa na valvu kubwa zaidi. Tazama mantiki yake: mwanzo ni ule ule katika kila jumba, mwisho hubadilika kulingana na idadi ya viti. Kitu kikiharibika, fundi huchomoa kipande kimoja na kuweka kingine, na watazamaji hawaendi nyumbani. Tena transfoma kubwa hukaa mbali na hatua ya kwanza, ambako sumaku yake ingeingiza mvumo kwenye sauti. Filamu zilipoanza kubeba sauti yake pembeni mwa picha, ikisomwa kwa taa na seli ya mwanga, umeme uliotoka ulikuwa hafifu mno hata ikabidi amplifaya ndogo iwekwe pale pale kwenye projekta. Masanduku yakawa matatu, manne.

Hapa ndipo priamplifaya na amplifaya ya nguvu zilipoachana kwa mara ya kwanza kwa kiwango kikubwa. Zilitengwa kwa sababu ya kazi, na kila mwenye jumba la sinema aliona faida yake.

Katika kipindi hicho hicho lilitokea jambo jingine, dogo kwa sura na kubwa kwa matokeo. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, Harold Black, mhandisi wa maabara za Bell, alikuwa kwenye feri akivuka mto Hudson kwenda kazini Manhattan. Wazo lilimjia ghafla, akalichora kwenye ukurasa wa gazeti la New York Times alilokuwa nalo: chukua sehemu ya sauti inayotoka mwishoni mwa amplifaya, igeuze, irudishe mwanzoni, nayo itafuta makosa ambayo amplifaya imeyaongeza njiani. Unapoteza ukuzaji, unapata usafi. Mrejesho huo wa Black ndio uliowezesha karibu kila kitu kilichokuja baada ya vita.

Sebuleni mambo yalikuwa tofauti kabisa. Mwaka 1935 mtu mwenye uwezo alinunua redio-gramu: kabati la mbao lililong'arishwa, ndani yake redio, meza ya santuri, amplifaya na spika. Hakuna aliyemuuliza kuhusu priamplifaya. Hata redio maarufu ya betri iliyotolewa mwaka 1949 kwa wasikilizaji wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ilikuwa hivyo: valvu nne na spika ndani ya umbo la sufuria, basi. Kwa umma wa kawaida, sanduku moja ndiyo ilikuwa hali ya asili.

1945–1953: Waingereza na asilimia 0.1

Vita Kuu ya Pili iliiachia Uingereza vitu vitatu. Kwanza, maelfu ya vijana waliofundishwa redio na rada jeshini, wanaojua kushika chuma cha kulehemu. Pili, vipuri vya jeshi vilivyouzwa kwa bei ya chini. Tatu, santuri bora kuliko zile za kabla ya vita, maana kampuni ya Decca ilikuwa imeboresha mitambo yake ya kurekodi wakati ikitengeneza santuri za kuwafundisha wanajeshi kutofautisha milio ya nyambizi. Santuri zilikuwa na sauti ambayo redio-gramu haikuweza kuitoa. Pengo hilo lilihitaji watu wa kuliziba.

Harold Leak alikuwa wa kwanza kulitangaza jibu lake kwa namba. Amplifaya yake ya mwaka 1945 iliitwa Point One, kwa kuwa upotoshaji wake wa sauti ulikuwa asilimia 0.1 wakati wenzake wengi walikuwa hawajafika hata asilimia moja. Kisha, katika matoleo ya Aprili na Mei 1947, jarida la Wireless World lilichapisha mchoro wa D. T. N. Williamson: wati 15, valvu mbili za KT66, mrejesho mwingi, na upotoshaji chini ya asilimia 0.1. Mchoro ulikuwa wa kila mtu. Mafundi wa Uingereza, Marekani na Australia waliujenga mezani kwao, na makampuni mengi yakauuza kwa majina yao.

Ila kile alichochapisha Williamson mwaka 1947 kilikuwa amplifaya ya nguvu tu. Siri ya mchoro wake ilikuwa kwenye transfoma ya kutoa sauti, kipande kikubwa na kigumu kusukwa, na maelezo yake yalijaza kurasa. Sehemu ya mbele, ya kurekebisha besi na kupokea santuri, aliieleza katika makala nyingine mwaka 1949. Kwa hiyo kizazi kizima cha mafundi kilijifunza kufikiria mambo haya kama miradi miwili: leo najenga amplifaya, mwaka ujao nitajenga priamplifaya. Naamini desturi ya masanduku mawili majumbani inaidai ratiba hiyo ya jarida kuliko nadharia yoyote ya sauti.

Peter Walker wa Huntingdon aliikamilisha picha. Quad II yake ya mwaka 1953 ilikuwa na wati 15, KT66 mbili, na mpangilio wa kipekee wa transfoma. Ukiiangalia kwa karibu unaona kifaa ambacho hakikukusudiwa kuonekana: hakina kitufe cha sauti wala taa ya mapambo, ni transfoma mbili na valvu zake kwenye kitako chembamba cha chuma. Mahali pake palikuwa chini ya kabati, gizani. Kilichoonekana ni QC II, kisanduku cha udhibiti, chenye vitufe vya kuchagua aina ya santuri, kilichopachikwa kwenye ubao wa mbele wa kabati pale mkono unapofika. Kati yao ulipita waya mnene wenye plagi ya pini nyingi, uliobeba sauti kwenda chini na umeme kwenda juu, kwa sababu QC II haikuwa na umeme wake. Leak naye alifanya hivyo hivyo.

Jambo hili husahauliwa na wanaosifu masanduku mawili ya zamani. Yale hayakuwa mashine mbili zinazojitegemea. Ilikuwa mashine moja iliyokatwa katikati ili nusu yenye joto na mvumo ifichwe na nusu ya vitufe iwe karibu na msikilizaji. Huwezi kuchukua QC II ukaiunganisha na amplifaya ya kampuni nyingine bila kwanza kuitafutia umeme.

1948–1958: Santuri na fujo za Marekani

Marekani ilikuwa na sababu yake ya ziada. Kampuni ya Columbia ilitoa santuri ya muda mrefu, LP, mwaka 1948, na RCA ikajibu mwaka uliofuata kwa santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika. Santuri haiwezi kukatwa na besi kamili, kwani mfereji ungekuwa mpana mno. Besi hupunguzwa wakati wa kukata, sauti nyembamba huongezwa, na amplifaya nyumbani hurudisha kila kitu mahali pake. Tatizo ni kwamba kila kampuni ilikuwa na kipimo chake cha kupunguza na kuongeza. Santuri ya Columbia ikipigwa kwa kipimo cha RCA ilisikika vibaya.

Saul Marantz, msanifu wa michoro aliyeishi Kew Gardens, New York, alichoka na hali hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alijijengea nyumbani priamplifaya yenye vitufe vya kuchagua kipimo cha kila kampuni, akaiita Audio Consolette. Marafiki walitaka, kisha maduka yakataka, na kampuni ikazaliwa. Angalia kwamba Marantz alianza na priamplifaya pekee. Amplifaya yake ya kwanza ya nguvu, Model 2, ilikuja mwaka 1956. Sehemu ya mbele ilikuwa imekuwa ngumu na yenye thamani kiasi cha kuuzwa peke yake, ikiwa na umeme wake yenyewe, tayari kuunganishwa na amplifaya ya mtu yeyote. Ndipo utengano wa kweli ulipoingia majumbani.

Mwaka 1954 chama cha makampuni ya santuri cha Marekani, RIAA, kilipitisha kipimo kimoja kwa wote. Ile sababu kubwa ya priamplifaya ngumu ilianza kufa siku hiyo, ingawa watu waliendelea kuhitaji vitufe kwa ajili ya santuri zao za zamani. Model 7 ya Marantz ya mwaka 1958, ambayo wengi huihesabu kuwa kilele cha priamplifaya za valvu, bado ilikuwa na swichi za vipimo vya zamani.

Kwa upande wa nguvu, msukumo ulitoka kwenye spika. Mwaka 1954 Edgar Villchur alitoa AR-1, spika ndogo iliyofungwa kabisa, yenye besi ya kina. Spika za awali zilikuwa makabati makubwa yaliyotosheka na wati chache. Ya Villchur ilikaa kwenye rafu na ilihitaji wati nyingi zaidi. Familia zilipata nafasi sebuleni, na amplifaya zikapata mzigo. Frank McIntosh na Gordon Gow, ambao tangu mwaka 1949 walikuwa wakiuza amplifaya ya wati 50, walifika mwaka 1961 kwenye MC275: wati 75 mara mbili, uzito karibu kilo 30. Kitu kama hicho huwezi kukiweka pamoja na hatua ya santuri ya milivolti tano bila kutafuta taabu.

1958–1965: Stirio yarudisha sanduku moja

Santuri za stirio zilipofika madukani mwaka 1958, hesabu ilibadilika kwa usiku mmoja. Kila kitu kilipaswa kuwa viwili. Mwenye priamplifaya moja na amplifaya moja sasa alitakiwa awe na masanduku manne, nyaya zake, na kitufe cha sauti kwa kila upande. Wengi waligoma, na sioni sababu ya kuwalaumu.

Makampuni ya Marekani yalijibu kwa amplifaya ya pamoja. H. H. Scott ilitoa 299, Avery Fisher akaja na mfululizo wake wa X, EICO ikauza HF-81 kwa wanaopenda kulehemu wenyewe. Nyingi zilitumia valvu ndogo kama EL84, zenye wati 12 hadi 20 hivi kwa upande. Kipimo cha santuri kilikuwa kimebaki kimoja, hivyo sehemu ya mbele ilipungua ukubwa. Transfoma ziliwekwa nyuma, hatua ya santuri mbele pembeni, na wahandisi walikuwa wamekwisha jifunza kupitisha waya za ardhi bila kuleta mvumo. Hizi ndizo amplifaya za valvu zilizoingia nyumba nyingi za tabaka la kati la Marekani, na bado haziheshimiwi inavyostahili. Fisher aliongeza hata redio ndani ya sanduku hilo hilo.

Upande wa masanduku mawili ulijibu kwa bei. David Hafler wa Philadelphia, aliyekuwa mmoja wa wawili waliochapisha mwaka 1951 mpangilio wa ultra-linear wa kuboresha transfoma ya Williamson, alianzisha Dynaco, na mwaka 1959 akatoa Stereo 70. Mnunuzi aliletewa boksi lenye kitako cha chuma, transfoma tatu, valvu nne za EL34, na bodi ya saketi ambayo tayari ilikuwa imelehemiwa kiwandani, sehemu ambayo mtu asiye fundi angeikosea. Kilichobaki ni nyaya na skrubu, hatua kwa hatua, kila hatua ikiwekewa alama kwenye kitabu cha maelekezo. Mwishoni uliweka mita kwenye soketi ya mbele na kuzungusha skrubu ndogo hadi isome volti 1.56, kiasi kinachokaribiana na betri mpya ya tochi, hivyo hata mwenye mita ya bei rahisi alikuwa na kitu cha kulinganishia. Wati 35 kwa kila upande, kwa dola 99.95. Ziliuzwa mamia ya maelfu, na soketi zile zile za mbele ziliweza kulisha priamplifaya umeme, kama walivyofanya Waingereza. Hafler huyo huyo baadaye alitoa SCA-35, amplifaya ya pamoja. Mfanyabiashara mzuri hakuwa na dini katika jambo hili.

1963–1977: Transista, na wachache waliobaki

Transista ilikuwa imezaliwa maabara za Bell Desemba 1947, lakini ilihitaji miaka kumi na tano kufika kwenye amplifaya nzuri za nyumbani. Haikuhitaji transfoma ya kutoa sauti, haikuchemka kama valvu, na haikuchoka baada ya saa elfu kadhaa. Leak ilitoa Stereo 30 ya transista, ya sanduku moja, mwaka 1963. Marantz aliuza kampuni yake mwaka 1964, ikiwa imeelemewa na gharama za redio yake ya Model 10. Quad ilibadilika mwaka 1967. Kufikia mwaka 1970 valvu zilikuwa zimetupwa, na Stereo 70 nyingi zikahamia stoo.

Japani haikuzitupa zote. Kampuni ya Lux ya Osaka ilitoa amplifaya ya pamoja SQ-38 mwaka 1963, na mwaka 1968 ikaifuata na SQ-38F, yenye valvu za 50CA10 kutoka NEC, ndani ya kabati la mbao. Iliendelea kuiboresha muongo mzima. Kwa msikilizaji wa Tokyo, mwenye vyumba vidogo, amplifaya nzuri ya valvu ilimaanisha sanduku moja. Huko mtu hakulazimika kuomba radhi kwa hilo.

Marekani, valvu zilirudi kupitia mlango mwingine. William Zane Johnson wa Minnesota alianzisha Audio Research mwaka 1970, akiuza priamplifaya na amplifaya za nguvu za valvu kwa bei ya juu wakati dunia yote ilikuwa ikikimbilia transista. Mwaka 1977 wachumi wawili, Bill Conrad na Lew Johnson, walianzisha kampuni yao kwa priamplifaya. Majarida madogo, Stereophile na The Absolute Sound, yalikuwa yakipima kila kipande peke yake: mwezi huu priamplifaya, mwezi ujao amplifaya. Msomaji akajifunza kubadilisha kipande kimoja kimoja, na mtu mwenye sanduku moja hakuwa na cha kubadilisha. Kuanzia hapo, masanduku mawili yakawa alama ya uzito wa mtu katika jambo hili, na bei zikapanda pamoja na heshima hiyo.

1982 hadi leo: Diski inayofuta priamplifaya

Oktoba 1982 Sony ilianza kuuza Japani mashine ya kwanza ya CD. Wapenzi wa valvu waliijadili kwa upande wa sauti, wakapitwa na jambo kubwa zaidi la kiufundi: mashine ile ilitoa volti mbili. Santuri ilitoa milivolti tano. Ni mara mia nne. Amplifaya nyingi za nguvu hufikia kilele chake kwa volti moja au moja na nusu. Kwa hiyo CD haikuhitaji kukuzwa kabla ya kufika kwenye amplifaya ya nguvu, ilihitaji kupunguzwa. Priamplifaya, iliyozaliwa kukuza minong'ono, ilibaki na kazi ya kitufe cha sauti na swichi ya kuchagua. Leo mashine nyingi zinazocheza muziki wa intaneti hutoa kiasi hicho hicho.

Hiroyasu Kondo wa Japani aliliona hilo mapema. Ongaku yake ya mwishoni mwa miaka ya 1980, iliyojengwa kwa valvu za 211 na transfoma zilizosukwa kwa waya wa fedha, ilikuwa na kitufe cha sauti na viingizio mbele yake, bila hatua ya santuri. Kilichokuwa mojawapo ya amplifaya ghali kuliko zote duniani kilikuwa cha sanduku moja. Baada yake, hoja kwamba amplifaya ya pamoja ni ya wasio na fedha haikuwa na pa kusimama.

Viwanda vya valvu vya Urusi, China na Slovakia vilikuwa vikifanya kazi baada ya vile vya Uingereza na Marekani kufungwa au kupunguza, na kwa valvu hizo amplifaya za bei ya kati ziliwezekana tena. Kampuni ya Kiholanzi ya PrimaLuna, inayotengeneza China, ilianza mwaka 2003 na ProLogue One, ya pamoja. Wengi waliofuata njia hiyo walianza pia na sanduku moja.

Hukumu yangu, baada ya historia hii yote, ni nyepesi kuieleza. Kama unasikiliza kutoka simu, kompyuta au CD, na spika zako hazihitaji zaidi ya wati 40 hivi, nunua amplifaya ya pamoja iliyojengwa vizuri, na fedha ya sanduku la pili itie kwenye spika. Kama unapiga santuri kwa sindano ya koili inayosogea, inayotoa chini ya milivolti moja, au unataka amplifaya ya kilo 30, tenga masanduku. Sababu za sinema za mwaka 1927 bado ni za kweli kwako. Na ukiletewa Dynaco au Fisher ya zamani kutoka Marekani, kumbuka ilitengenezwa kwa umeme wa volti 120 hivi na mizunguko 60 kwa sekunde. Usiichomeke kwenye umeme wetu bila transfoma ya kushusha, mpe fundi aangalie kwanza kama transfoma yake inahimili mizunguko 50, na usimruhusu mtu yeyote kuingiza mkono ndani ya kitako chake kabla kapasita hazijamwaga umeme wake.